Siku Mama Alipomtaja Mkwewe

Mama yangu Zipora alikuwa mfupi, mnene kiasi, na mwenye sauti. Nikisema sauti, namaanisha sauti. Akiwaita kuku wake, mbwa wa upande wa pili wa kisiwa waliinuka kuuliza kuna nini. Kanisani mchungaji alimkalisha safu ya mwisho, si kwa ubaya, ila akikaa mbele wenzake hawakujua wanaimba wimbo gani. Halafu mwanamke mwenye sauti kama hiyo akapewa mkwe kiziwi, tena mkwe ambaye hata angekuwa na masikio ya popo asingeruhusiwa kuzungumza naye.

Kwetu kisiwani Warulag mkwe hatajwi jina. Hapitwi mbele, hatazamwi usoni, hakai nawe mkeka mmoja. Haitwi baba, haitwi mama, haitwi chochote. Mkiwa na neno la kuambiana, linapitia kwa mtu wa tatu. Ukiteleza ukalitaja jina lake, umejivua nguo hadharani, na aibu hiyo haiondoki kwa kuomba radhi. Inaondoka ukimpa kitu chako kinachopita vyote kwa thamani, naye akakipokea.

Mtu wa tatu nilikuwa mimi, Dorka, binti ya huyu na mke wa yule. Mpaka siku ninayosimulia nilikuwa nimebeba maneno miaka sita.

"Mwambie huyo mtu wako samaki ameungua."

Huyo mtu wangu amekaa hatua tano kutoka hapo, kampa mgongo. Ninamsogelea sikio la kulia, maana la kushoto lilikwisha kufa, ninapaza sauti: "Samaki ameungua!"

"Mwambie asile, basi."

"Anasema usile."

"Nimesikia! Mwambie na mimi si kiziwi."

Jamani, niliwahi kutamani wote wawili wawe mabubu.

Mume wangu Anau aliyapasulia masikio yake chini ya maji, akizamia chaza wa lulu kwa matajiri wa Waiben, kisiwa cha bandari, tangu hajaota ndevu. Vita vilipoingia, mashua zetu kubwa zote zilichukuliwa na serikali, na wanaume wakaenda Waiben kuandikishwa jeshi. Anau naye akaenda kupanga foleni. Daktari wa jeshi akamwekea saa ya mfukoni sikioni, akamuuliza kwa ishara kama anaisikia. Anau akaishika, akaigeuzageuza, akasema, "Saa nzuri sana." Akarudishwa na boti ya siku hiyo hiyo.

Alinuna wiki nzima. Lakini sisi wengine tulishukuru Mungu, kwa sababu ukiondoa wazee na watoto, mwanamume mwenye nguvu aliyebaki kisiwani alikuwa yeye peke yake. Unga, chai na sukari vilikuwa vinakuja kwa bahati. Tulikuwa watu tisini, na nyama yetu yote, nguva kwa kasa, ilitoka kwenye chusa cha Anau, mkuki wake wa kuchomea baharini. Bibi Mere, jirani yetu asiyepitwa na habari, alikuwa kila jioni akimwombea kwa sauti: "Bwana, mchukue yeyote unayemtaka, lakini huyu tuachie mpaka vita viishe." Mume wangu, namwambia, si ng'ombe wa kijiji. "Kwani nimesema ng'ombe?" anajibu. "Ng'ombe hachomi nguva."

Kisha tukaletewa sajini, Mzungu mwekundu wa pua, kutuchimbisha mahandaki. Wajapani walikuwa wanakuja kuupiga uwanja wa ndege wa Ngurupai, na njia yao ilipita juu ya vichwa vyetu. Sajini hakuuliza mtu kitu. Kila nyumba mbili, handaki moja, akapima kwa kamba, tukachimba siku mbili, akatupigia saluti, akaondoka zake.

Siku ya kwanza ndege zilipokuja, zilikuwa juu sana, ishirini na kitu. Mwenyekiti wa baraza, mzee Sagiba, akagonga kengele ya kanisa, tukakimbia. Mimi nikamvuta Anau, tukatumbukia shimoni. Mama akafika mbio, kanga na mkeka mkononi, akachungulia, akamwona Anau. Akasimama. Akageuka, akatupa mgongo, akakunja mikono.

"Mama, ingia!"

"Niingie wapi?"

"Shimoni!"

"Mna mtu."

"Mama, Wajapani hao!"

"Nawaona. Wao wako juu, mimi niko chini, hatujakosana."

Nikainua kichwa kumwangalia, na hapo nikaona kioja ambacho sitakisahau. Nusu ya kijiji ilikuwa imesimama nje ya mashimo kwa heshima. Mzee Sagiba mwenyewe alikuwa amesimama pembeni ya shimo lake, mke wa mwanawe yumo ndani, naye amejifunika mwavuli. Mwavuli, kwa ajili ya mabomu! Mchungaji alikuwa akikimbia huku na huku akisukuma watu: "Ingieni, watoto wa Mungu, ingieni!" na watoto wa Mungu wakimjibu kwa adabu kwamba wanamsubiri fulani atoke kwanza.

Bahati ndege zilikuwa na shughuli zao kwingine. Zilipopita, baraza likakaa kutwa nzima kupanga upya: nani na nani, nani asionane na nani, nani ni shemeji wa nani kwa upande gani. Kisiwa kidogo, wote tumeoana. Ilikuwa kazi kuliko kupanga harusi tatu. Mwishowe tukachimba mahandaki mengine kumi na moja, na Mama akapangiwa shimo moja na mchungaji, Bibi Mere na nguruwe wa Bibi Mere, ambaye hakuwa na undugu na mtu. Sajini aliporudi akauliza mbona mashimo mengi hivi. Mzee Sagiba akamwambia, "Watu wetu wanene."

Tukayazoea. Wajapani wenyewe hawakuwa wageni kwetu. Kabla ya vita walijaa Waiben, wazamiaji hodari, na Anau alifundishwa kushona tanga na mmoja wao aliyeitwa Hirata.

"Alinipa wali wake," Anau alikuwa akisema akitazama juu. "Leo ananiletea bomu."

"Labda si yeye."

"Akiwa yeye sina wasiwasi. Hakuwahi kulenga kitu akakipata."

Basi ikaja ile asubuhi. Mimi nilikuwa bustanini, katikati ya kisiwa, nachimba viazi vikuu. Kwa hiyo ninayosimulia nimeyapata kwa watatu: kwa Mama, kwa Anau, na kwa Bibi Mere aliyekuwa juu ya ufuo, chini ya minazi, akiokota nazi, yaani akichungulia watu.

Maji yalikuwa yamekupwa. Anau alikuwa mbali kwenye mchanga, kailaza mashua yetu ubavu, anaikwangua chaza na majani. Mgongo kaupa nchi kavu. Mama alikuwa ukingoni mwa mikoko na kikapu, anatafuta kome, naye kwa kuwa mkwe yuko pale alikuwa akitembea kiubavubavu kama kaa ili asimtazame. Kati yao palikuwa na hatua arobaini za matope, na hapakuwa na mtu mwingine.

Ndege ikaja peke yake. Ilikuwa inatoka Ngurupai, inaruka chini, injini inakohoa. Ikatokea nyuma ya rasi, Mama akaiona vizuri, na ile miduara myekundu ya mabawa. Ikaanza kugeuka, na mbele yake hapakuwa na kitu cha kupiga isipokuwa mashua moja mchangani na mwanamume mmoja anayekwangua.

Mama akafanya kwanza yote yanayoruhusiwa. Akatafuta mtu wa kumtuma. Hakuna. Akaokota kome, akarusha. Likaanguka njiani. Akaokota jingine kubwa, likagonga mashua, ko! Anau hakugeuka. Aliinua tu mkono akasema, "Watoto, acheni upuuzi!" La tatu likampata mgongoni, naye akajikuna.

Ndege imekwisha kunyooka sasa, inakuja.

Mama alinieleza baadaye kwamba wakati ule alimwona akilini mwake mtu mmoja tu: mimi, mjane wa miaka ishirini na saba. Akatupa kikapu. Akajaza kifua. Sauti ile ambayo mchungaji aliificha safu ya mwisho miaka yote, akaifungulia.

"Anau!"

Bibi Mere anasema nazi zilianguka. Mimi kule bustanini nililisikia jina la mume wangu limepita juu ya viazi, nikadhani nimerukwa na akili, maana sauti naijua na jina nalijua, lakini viwili hivyo havijawahi kukaa pamoja.

"Anau!"

Na mara ya tatu akapiga tena ukelele, lakini hapo bunduki za ndege zilikuwa zimeanza, na Bibi Mere hakulisikia neno, aliona tu mdomo.

Anau akageuka. Akamtazama mama mkwe wake usoni, kwa mara ya kwanza tangu anioe. Kisha akaruka upande, akajitupa kwenye mkondo wa maji nyuma ya jiwe, na mashua yetu ikapasuka vipande viwili kama kifuu cha nazi. Ndege ikapita, ikakohoa kuelekea kaskazini, haikurudi. Anau akatoka majini na kipande cha mbao kimemchoma mguuni, anatukana Kijapani, lugha aliyofundishwa na Hirata.

Mama hakungoja. Aliingia ndani ya mikoko, na nilipofika mbio nilimkuta amepiga magoti kwenye matope, kajifunika kichwa kwa sketi.

"Mama! Umeumia?"

"Usiniangalie."

"Yuko hai, Mama. Yuko hai kwa sababu yako!"

"Nimemtaja," akasema. "Dorka, nimemtaja mkwe. Mbele ya Mere."

Na kweli, mbele ya Mere ni mbele ya dunia. Kabla jua halijafika utosini kijiji kizima kilikuwa nayo. Wengine walisema ameita mara mbili, wengine mara tatu. Hakuna aliyemlaumu, mzee Sagiba alikuja mwenyewe kusema hivyo, lakini Mama alikaa amegeukia ukuta siku nne. Hakula kwangu. Hakwenda kanisani. Kuku waliita wenyewe. Moyo uliniuma, nasema kweli, kwa sababu mama yangu kimya hakuwa mama yangu.

Siku ya tano akapanda juu ya kiunzi cha paa, akashusha kifurushi kirefu cha mikeka. Ndani mlikuwa na chusa cha marehemu baba yangu. Ulikuwa mti mzuri, mwekundu, mrefu karibu kama nyumba, umepakwa mafuta kila mwaka. Watu walikuja toka visiwa vingine kukiomba, akawakatalia. Kilikuwa ndicho baba aliyebaki.

"Mpelekee mtu wako."

"Mama, hicho?"

"Kwani kuna aibu ndogo? Peleka."

Nikakibeba begani, nikikata kona kinagonga kila mti. Anau alikuwa ananoa kisu. Akakitazama kile chusa muda mrefu. Nilimwona akimeza mate, kwa sababu hakuna mvuvi wa nguva ambaye hakukiota.

"Cha nini?"

Nikamsogelea sikio la kulia: "Mama amekutaja!"

"Lini?"

"Anau! Kisiwa kizima kimesikia!"

"Wao wana masikio. Mimi sikusikia kitu. Uliza daktari wa jeshi." Akarudi kwenye kisu chake. "Kama sikusikia, sikutajwa. Rudisha."

"Mbona uligeuka, basi?"

"Mgongo ulikuwa unaniwasha. Kuna mtu alinitupia kome."

Nikarudi na chusa. Mama akanisikiliza, macho yakamtoka.

"Mwongo huyo!"

"Anasema hakusikia."

"Nilipiga kelele mpaka koo likatoa damu! Mrudishie."

Nikaenda tena. Nikarudi tena. Siku ile nilitembea na chusa cha marehemu mara saba kati ya nyumba mbili, watoto wananifuata wanaimba, Bibi Mere kaweka kiti nje kabisa. Mara ya saba nikakibwaga uani kwa Anau, nikasema, "Nyie wawili mtaniua kabla ya Mjapani."

Anau akainuka. Akakiokota mwenyewe, akakifuta vumbi kwa shati lake, akakifunga kwenye mikeka yake polepole, kila fundo mahali pake.

"Mwambie mama yako," akasema, "mwanamume kiziwi hafedheheshwi. Hiyo ndiyo faida pekee niliyonayo. Asininyang'anye."

Nikalipeleka neno hilo kama lilivyo. Mama akakipokea chusa. Akauliza, "Kweli hakusikia?"

"Ndivyo asemavyo."

"Hata kidogo? Hata... hata la mwisho?"

"Hata moja."

Akapumua. Akakipandisha chusa juu. Jioni hiyo akatoka nje akawaita kuku, na nawaambia, mimi nililia kwa furaha kusikia kelele zile. Baraza nalo likakubali: kama hakusikia, hakutajwa. Hakuna aliyetaka kulichunguza zaidi, maana wote tulipenda kula.

Vita vikaisha. Wanaume wakarudi, mashua zikarudi, nikazaa watoto watano, na wale wawili wakaendelea kupeana migongo miaka ishirini na miwili mingine. "Mwambie mtu wako paa linavuja." "Mwambie mama yako nimeliona." Nguva akichomwa, fungu la kwanza, lenye mafuta, lilikwenda kwa Mama, limefunikwa kwa jani, bila neno. Mashati ya Anau yalishonwa na Mama, akimkadiria kwa kutazama kivuli chake, na moja tu lilibana.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho aliniita karibu. Sauti ilikuwa imekwisha, imebaki kama ya watu wengine.

"Dorka. Siku ile ya ndege."

"Usijisumbue, Mama. Ilikwisha."

"Sikiliza. Mara mbili nilimtaja jina. Hakugeuka. Mara ya tatu sikuita jina." Akanishika mkono. "Niliita mwanangu. Nilisema, mwanangu, ruka! Mimi, mkwe! Hata jina lilikuwa afadhali. Ningejificha wapi? Kwa hiyo namshukuru Mungu kwa masikio yake mabovu. Usimwambie mtu."

Nikamwapia. Na sikumwambia mtu, wala mume wangu, wala Bibi Mere, ambaye alihisi kuna jambo na akanitesa miezi.

Kwetu wa kumtunza marehemu na kumsimamishia jiwe ni wakwe, wenye damu wanakaa kulia tu. Kwa hiyo jiwe la Mama lilikuwa kazi ya Anau. Alijenga kwa saruji miezi mitatu, akalichonga herufi mwenyewe, akalifunika kwa vitambaa vya maua, vyekundu na vya kijani, alivyovipenda Mama. Siku ya kulifunua, wageni wakaja toka kila kisiwa. Nguruwe na kasa walikuwa wamefukiwa kwenye mawe ya moto tangu asubuhi, harufu imejaa. Mchungaji akatoa vitambaa kimoja kimoja, kisha akajiandaa kusoma jina, kama ilivyo desturi.

Anau akamshika bega, akamsogeza pembeni.

Alikuwa mzee sasa, kichwa cheupe. Mkononi alikuwa na chusa, si cha baba yangu, chake mwenyewe, kile kilicholisha watu tisini vita vizima. Akakilaza juu ya kaburi. Kila mmoja alijua maana ya mkwe kutoa kitu kama hicho: kuna jina linakwenda kutajwa.

Kiziwi hajui kupima sauti yake. Alijaza kifua.

"Zipora!"

Mbwa wakainuka.

"Zipora!"

Akaweka mkono juu ya jiwe.

"Mama," akasema, "niliruka!"

Bibi Mere, mwenye fimbo sasa, akanivuta kanga. "Amesema nini huyo? Karuka wapi?" Miaka ishirini na miwili mtu huyu alikuwa amelifungia neno lile kifuani, akaacha chusa alichokitamani kirudi darini, akajiita kiziwi kuliko alivyokuwa, ili mama yangu aweze kutoka nje akawaite kuku.

Wakati wa chakula nilimbebea sahani yake. Nikainama kwenye sikio la kulia.

"Anau. Ulisikia."

Akachukua kipande cha nyama, akakitafuna, macho yake mekundu ameyaelekeza baharini.

"Nini?" akasema. "Sema kwa nguvu, mke wangu. Unajua mimi sisikii."